Kufika St. Louis 2030 na Kurudi Bila Kuonja Tone: Mwongozo Kamili wa Safari kwa Aliyeacha Pombe

Watu niliowasaidia kupanga safari za namna hii, wengi wao hawakukwama kwa kukosa nauli. Mmoja alinyimwa viza kwa jibu moja kwenye fomu. Mwingine alipata viza, akapanda ndege, akaonja angani kabla hata chakula hakijagawiwa. Wa tatu alikaa kwenye kongamano siku zote bila tatizo, akapiga picha, akalia kwa furaha, kisha akaanguka wiki ya pili akiwa nyumbani kwake, mbele ya mkewe.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mlangoni kwako na kuishia mlangoni kwako. Nimechukua mfano wa kongamano la kimataifa la Alcoholics Anonymous (AA), ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ambalo hufanyika kila baada ya miaka mitano. Lililopita lilikuwa Vancouver, Julai 2025. Linalofuata ni St. Louis, Missouri, Julai 2030. Kama wewe ni wa NA (Narcotics Anonymous, ya walioacha dawa za kulevya), au unakwenda kongamano dogo nchi jirani, hatua ni zilezile. Ruka tu zisizokuhusu.

## Andaa hivi kwanza

- Pasipoti itakayokuwa hai angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi.
- Cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Kenya unaomba kupitia eCitizen.
- Barua ya likizo ya kazini, au leseni ya biashara kama umejiajiri.
- Taarifa za benki au M-Pesa za miezi 6.
- Barua ya daktari na dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake za asili.
- Sponsa, yaani mwanachama mkongwe anayekuongoza, aliyekubali kwa kinywa chake kwamba utampigia simu usiku wa manane.
- Namba tatu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Simu huzima, karatasi haizimi.
- Daftari dogo la kubeba mfukoni, la kuandikia namba za watu utakaokutana nao.

Barua ya mwaliko ya "ajenti" haimo kwenye orodha hii, na si kwa bahati mbaya. Ukisikia mtu anauza mwaliko wa kongamano la AA, funga pochi yako.

## 1. Pima kama ni wakati wako

Kaa na sponsa wako kabla ya kukaa na kompyuta. Mpe swali hili kavukavu: "Naweza kulala usiku sita peke yangu hotelini?" Usimuulize kama unastahili kwenda, kwa sababu hapo atakujibu kwa upole.

Rai yangu, na wengine hawaipendi: kama hujafikisha mwaka mmoja, usianze na safari ya kuvuka bahari. Nenda kwanza kongamano la jirani, safari ya basi, ukiwa na wenzako wawili. Mwili wa mtu wa miezi minne bado unahesabu kila chupa iliyo rafuni.

Utajua umefaulu hapa pale sponsa wako atakaposema "nenda" na wewe ukaweza kumwambia mtu mmoja wa familia ni wapi hasa unakwenda. Ukiona unatunga hadithi ya "semina ya kazi", bado hujawa tayari.

## 2. Chagua kongamano kwa kuangalia pasipoti yako

Hapa ndipo watu hupoteza fedha. Wanajisajili, wanalipa hoteli, kisha ndipo wanauliza viza.

Masharti ya Marekani yamebadilika mara kadhaa tangu 2025. Burundi iliwekewa vizuizi vya viza za kutembelea mwaka huo, na Tanzania ikafuata Januari 2026. Mwenye pasipoti ya Kenya alikuwa bado anaweza kuomba kwa njia ya kawaida. Kufikia 2030 huenda mambo yakawa tofauti kabisa, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wenyewe kabla hujatoa hata shilingi moja, wala usitegemee video ya mtu wa TikTok.

Kama mlango umefungwa, usikae kuusukuma. Afrika Kusini ina vikundi vingi vinavyoandaa makongamano yao, na Wakenya na Watanzania huingia huko kwa matembezi bila viza hadi siku 90. Beba tu kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Na kati ya Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi hakuna viza yoyote. Mkutano wa watu arobaini kwenye ukumbi wa kanisa wenye mabati yanayolia mvua ikinyesha nao ni mkutano.

## 3. Weka fedha bila kugusa kikapu

AA hujitegemea kwa michango ya wanachama wake, na kikapu kinachopitishwa kwenye mkutano hulipa ukumbi, chai na vitabu. Si SACCO. Niliwahi kuona kikundi kikivunjika kwa sababu mweka hazina "alikopeshwa" nauli.

Gawanya gharama katika mafungu matano: viza, nauli, malazi, chakula na usafiri wa huko, halafu akiba ya dharura. Ada ya viza ya kutembelea Marekani ilikuwa dola 185 mwaka 2025, na hairudishwi hata ukinyimwa. Fungu la akiba litoshe kubadili tiketi na kurudi nyumbani kesho yake. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 8.

Ukianza sasa na chama cha kuweka akiba cha watu wanne mnaokwenda pamoja, miaka iliyobaki inatosha. Malazi karibu na ukumbi hujaa mapema. Jisajili kwenye tovuti rasmi ya AA siku usajili ukifunguliwa, usingoje.

## 4. Jaza fomu ya viza kwa ukweli, si kwa hofu

Hii ndiyo hatua inayoangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fomu inaitwa DS-160 na hujazwa mtandaoni. Andika pembeni namba ya fomu yako tangu mwanzo, kwa sababu ukiiacha kama dakika 20 bila kuigusa inakufukuza, na bila namba hiyo unaanza upya.

Maswali ya afya. Utaulizwa kama una maradhi ya kuambukiza, kama una tatizo la mwili au akili linaloweza kukuhatarisha wewe au wengine, na kama unatumia vibaya au umewahi kuwa mraibu wa dawa za kulevya. Mtu wetu aliye mwaka wa kwanza ndani ya programu, aliyezoea kusimama na kusema "mimi ni mlevi", hufika hapa akaanza kuungama. Fomu si mkutano. Jibu kilichoulizwa. Swali la tatu linauliza dawa za kulevya. Kama historia yako ni pombe peke yake, jibu kuhusu dawa za kulevya peke yake.

Kama historia yako ina heroini, kokeini au kitu cha namna hiyo, jibu la kweli ni "ndiyo", na "ndiyo" si lazima iwe mwisho wa safari. Unaweza kupelekwa kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, na kipimo kinachotazamwa ni kama umekaa angalau miezi 12 bila kutumia. Barua ya kliniki au ya nyumba ya urejevu (sober house) yenye tarehe husaidia sana hapo. Kama uliwahi kutiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Huko kuna msamaha maalumu unaoombwa na huchukua muda mrefu.

Swali la kukamatwa. Linauliza kama umewahi *kukamatwa* au kutiwa hatiani, popote, hata kama ulisamehewa. Hapa ndipo alikokwama yule wa kwanza niliyemtaja. Alikuwa na cheti cha mwenendo mwema kisicho na doa, akajaza "hapana". Lakini miaka minne nyuma alipulizishwa alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi wa barabarani, usiku, akalala kituoni, asubuhi akalipa faini na kwenda kazini. Kwake ile haikuwa "kukamatwa", ilikuwa Ijumaa. Ofisa alikuwa na maoni mengine.

Kukamatwa ukiendesha umelewa ndani ya miaka 5 iliyopita kunaweza kukupeleka kwa daktari wa ubalozi kupimwa. Ni usumbufu, unavumilika. Kudanganya ndiko kunakofunga mlango: anayebainika kusema uongo ili apate viza anaweza kufungiwa maisha.

Mitandao ya kijamii. Fomu inataka majina unayotumia kwenye mitandao kwa miaka 5 iliyopita. Pitia picha zako za zamani ujue zimekaaje, maana zipo na ofisa anaweza kuziona.

Wenzako wa safari. Utaulizwa kama unasafiri na watu wengine au na kikundi. Kutokutajana ni msingi wetu. Kubalianeni mapema nani atamtaja nani, na kila mmoja aseme ndiyo kwa hiari yake. Siri yako unaweza kuitoa mwenyewe. Ya mwenzako si yako.

Umemaliza hatua hii ukiwa na karatasi ya uthibitisho yenye msimbo wa mistari, na hakuna jibu hata moja ambalo ungeogopa kusomewa kwa sauti.

## 5. Mahojiano

Mahojiano ya ubalozini huchukua dakika chache. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema: "Nakwenda kongamano la watu walioacha pombe, siku nne, St. Louis, halafu narudi." Taja tarehe ya kurudi na kinachokurudisha, iwe ni kazi, watoto, duka au shamba.

Usiseme "AA" ukaishia hapo. Kwetu Kenya AA ni watu wa magari na udereva. Bosi wangu aliposoma barua yangu ya likizo aliniuliza kama sasa naacha uhasibu niwe dereva wa trela. Niliacha acheke, kisha nikamweleza.

## 6. Dawa zako na njia utakayopita

Anayetumia dawa za kawaida za presha au kisukari, barua ya daktari na pakiti za asili zinatosha, na ziwe kwenye begi la mkononi.

Walio kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, simameni hapa msome mara mbili. Ongea na kliniki yako miezi mitatu kabla. Uliza dozi za safari zinatolewaje, nani anaandika barua, na nchi unayopitia inataka nini. Falme za Kiarabu zina sheria kali mno: methadoni, tramadoli na kodeini ni dawa zinazodhibitiwa, na hutakiwi kuingia nazo bila kibali cha serikali yao. Tiketi ya bei nafuu inayopitia Dubai inaweza kuwa tiketi ghali kuliko zote ulizowahi kununua.

Usipunguze dozi peke yako ili "safari iwe rahisi". Hilo limewaangusha watu walioshinda mambo makubwa zaidi.

Kagua pia vitu vidogo: dawa ya kusukutua mdomo, dawa ya kikohozi ya maji, manukato. Soma kibandiko. Vyenye alkoholi viache nyumbani.

## 7. Njiani

Wapo wanaopitia Addis Ababa hadi Chicago, kisha wakapanda treni ya Amtrak hadi St. Louis, saa tano hivi. Mimi napenda njia hii, kwa sababu treni inakupa muda wa kutulia kabla ya kelele. Uhamiaji unapitia kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani unapotua. Ofisa ana mamlaka ya kupekua simu, kwa hiyo wahifadhi wanachama wenzako kwa majina ya utani kabla ya kuondoka.

Agiza chakula cha Kiislamu, uwe Mwislamu au usiwe. Hupikwa bila pombe, na kwa kawaida kinaletwa kabla ya toroli la vinywaji kufika kwako, kwa hiyo linapopita unakuwa unatafuna. Chagua kiti cha ujiani, mbali na jikoni la ndege. Ukipanda tu, mwambie mhudumu kwa sauti ya chini: "Mimi situmii kileo, tafadhali usinipe hata nikiomba." Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi. Hakuna hata mmoja aliyenishangaa.

Kuchelewa kwa ndege ndiko kunakouma. Safari yangu ya kwanza nje, ndege iliyofuata iliahirishwa hadi asubuhi, tukapelekwa hoteli. Niliteremka kula na vocha yangu, na vocha ile ilikuwa na maneno madogo chini: chakula pamoja na glasi moja ya divai. Sikuagiza. Mhudumu aliiweka tu mezani, akaondoka. Divai nyekundu, glasi ndefu, na alama ya kidole chake bado iko kwenye kioo. Sikuwa na mtu ninayemjua ndani ya kilomita elfu mbili.

Sikuimwaga, kwa sababu kuimwaga ni kuishika. Nilisimama, nikaiacha pale, nikaenda kwenye ngazi za nyuma ya jengo nikampigia sponsa wangu. Aliniuliza swali moja tu: "Chakula chako kiko wapi?" Nikasema mezani. Akaniambia, "Basi mwite kijana aondoe glasi, wewe ukakae meza nyingine, ule." Nikala. Wali mbaya sana.

Tangu hapo, nikifika mapokezi ya hoteli yoyote nasema kabla ya kupewa ufunguo: friji ya chumbani itolewe vinywaji vyote. Ngoja wakamilishe ndipo upande na mizigo. Ukikuta bado vimo, kaa kwenye korido hadi viondolewe. Usijiambie kwamba ni usiku mmoja.

Hatua hii imefaulu ukifika chumbani, friji ni tupu, na sponsa ana ujumbe wako wenye jina la hoteli na namba ya chumba.

## 8. Ndani ya jiji

Jambo ambalo hawakuambii kwenye tangazo: St. Louis ni jiji la bia. Kiwanda cha Anheuser-Busch, wanaotengeneza Budweiser, kiko palepale, na uwanja wa besiboli ulio katikati ya mji unaitwa Busch Stadium, mwendo wa miguu tu kutoka The Dome, ukumbi mkubwa wa kituo cha mikutano cha jiji. Isitoshe, Julai 4 ni sikukuu ya uhuru wao. Kandokando ya mto Mississippi, chini ya tao kubwa la Gateway Arch, watu watakuwa na makopo mkononi tangu mchana. Na joto la Julai huko ni la kunata kama la Tanga mwezi Februari. Kiu ni ya kweli, kwa hiyo chupa ya maji isikutoke mkononi.

Siku ya kwanza, tembea njia yako mchana. Kutoka hoteli hadi ukumbini, hesabu baa zilizopo, kisha chagua njia yenye chache. Treni ya MetroLink kutoka uwanja wa ndege ina kituo cha Convention Center, kwa hiyo huna haja ya kuzunguka mjini usiku ukitafuta teksi.

Panga simu kwa saa. St. Louis wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa 8. Saa 12 jioni huko, wakati baa zinachangamka, ni saa 8 usiku Mombasa. Saa 3 usiku huko ni saa 11 alfajiri kwetu. Sponsa wangu huamka kwa swala ya alfajiri, kwa hiyo simu yetu ni saa 3 usiku ya huko, kila siku, hata kama sina la kusema. Kwa ile saa ngumu ya jioni tafuta mtu wa palepale: siku ya kwanza pata namba za watu watatu, na umpigie mmoja siku hiyohiyo ukiwa mzima, ili siku ya shida usione haya.

Usikimbizane na kila kitu. Ijumaa usiku kuna ufunguzi wenye maandamano ya bendera za nchi, na makumi ya maelfu ya watu uwanjani. Ukiona bendera yako inaingia, utalia. Jiandae na leso. Lakini chagua vikao viwili kwa siku, kula saa zako, lala. Uchovu wa safari na njaa vimemrudisha mtu kwenye chupa mara nyingi kuliko huzuni.

Usipige picha za nyuso za watu, na yako usiirushe mtandaoni ukiwa umevaa beji. Beba bangili ndogo za shanga kama ishirini za kubadilishana na watu. Ni nyepesi, na zinaanzisha mazungumzo hata kama Kiingereza chako kinakwama.

Ukiteleza. Usijifungie chumbani kumaliza kilichobaki. Mwambie mtu mwenye beji, yeyote, neno moja: "Nimekunywa." Uko mahali ambapo kila anayepita ameshalisikia. Kama ulikunywa sana na mwili unatetemeka, unatoka jasho au unaona vitu, hiyo ni hospitali, si mkutano. Kuacha ghafla kunaweza kuua. Piga 911. Ukipata nafuu, lile fungu la akiba ndilo linalobadili tiketi.

## 9. Kurudi

Yule wa tatu aliteleza kwa sababu alirudi kwenye ukimya. Siku nne alikuwa kati ya watu waliomwelewa, kisha Jumatano akawa kwenye foleni ya umeme ya KPLC akisukumwa na mtu mwenye harufu ya chang'aa.

Kwa hiyo mambo haya yapange *kabla* ya kuondoka:

Mkutano wa kikundi chako ndani ya saa 24 baada ya kutua, hata kama usingizi umekugeuka na unasinzia kitini. Mtu wa kukupokea uwanja wa ndege awe mwanachama, si yule rafiki wa zamani mwenye gari zuri na "karibu nyumbani" yake. Waambie ndugu mapema kwamba hakuna sherehe ya kukupokea yenye vinywaji. Shangazi ataudhika, mwache audhike. Kazini rudi siku ya pili au ya tatu, si ileile.

Fungua lile daftari wiki ya pili, hasa siku ya kumi, wakati picha zimeshaangaliwa na kila mtu na hakuna anayekuuliza tena habari za Marekani. Mpigie mmoja wa wale watatu wa St. Louis. Saa 2 usiku kwako ni saa 6 mchana kwake. Atakuwa kwenye chakula cha mchana, atapokea.